Maisha ya Gary Kildall na Alama Zilizokatazwa



Katika magazeti ya mihula iliyopita wenzangu wamekwisha kuandika habari za watu mashuhuri. Mmoja aliandika juu ya Mtemi Mirambo, na mwingine juu ya Daktari Williamson, yule Mkanada aliyegundua almasi ya Mwadui mwaka wa 1940, ambaye hapa Shinyanga hakuna mtoto asiyelijua jina lake. Mimi nimemchagua mtu ambaye pengine wengi wenu hamjapata kumsikia, ingawa mafundi wa kompyuta wa dunia nzima wanamjua sana, na ingawa kazi yake tunaigusa kila tunapoingia katika chumba cha kompyuta cha shule yetu. Jina lake ni Gary Kildall. Alikufa mwaka wa 1994, miaka mingi kabla sijazaliwa. Lakini kwanza sina budi kueleza jambo lililonifanya nimtafute.

Baba wa baba yangu, ambaye sisi Wasukuma humwita Guku, alifanya kazi katika mgodi wa dhahabu wa Geita ujanani mwake, hata mgodi ule ulipofungwa mwaka wa 1966. Vijana wengi wa rika langu hudhani dhahabu ya Geita ilianza na mgodi mkubwa wa sasa, kumbe huu ulifunguliwa mwaka wa 2000, na kabla yake kulikuwa na mwingine uliochimbwa tangu miaka ya 1930. Guku aliyakumbuka mambo ya siku zile vizuri sana. Basi likizo moja kaka yangu nami tulimkalisha chini ya mwembe, tukainasa sauti yake siku tatu mfululizo, tukapata vipande kumi na kimoja.

Kaka alivihifadhi vipande hivyo katika kompyuta yake mpakato, inayotumia mfumo wa Linux. Vipande saba akavipa majina ya kawaida, kama vile "Utoto wa Guku" na "Safari ya kutoka Nyang'hwale". Vile vinne vilivyobaki vilikuwa majibu ya maswali yetu, basi akaviita kwa maswali yenyewe: "Kwa nini mgodi ulifungwa?", "Mshahara: ulikuwa shilingi ngapi?", na vingine viwili vya namna hiyo.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, Guku alifariki dunia. Wiki chache baadaye kaka alitakiwa kuifuta kompyuta yake ili aweke mfumo mwingine unaohitajiwa chuoni kwao. Akachomeka flashi, akaanza kunakili. Kompyuta ikamwonya kwamba jina fulani halikubaliki katika flashi ile, ikamwuliza kama iliruke faili hilo. Kaka alikuwa na haraka. Akabonyeza kuruka, tena akachagua kuruka yote, akidhani ni takataka tu, kisha akaifuta kompyuta. Mwezi wa Desemba tulipokusanyika Geita ili bibi amsikie mumewe, tulikuta vipande saba. Vile vinne vya maswali havikuwamo. Bibi alisikiliza vyote saba bila kusema neno, halafu akauliza ni lini tutamfungulia kile kipande ambacho Guku anasimulia siku mgodi ulipofungwa. Kaka akatoka nje.

Niliporudi shuleni nilimwendea mwalimu wetu wa kompyuta. Nilimwuliza ni nani duniani aliyeikataza alama ya kuuliza isiandikwe katika jina la faili, na kwa sababu gani. Mwalimu alinieleza kwamba sababu ipo, tena ni ya zamani, na kwamba kama nataka kuijua barabara nisome maisha ya Bwana Kildall. Basi nimesoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kildall alizaliwa tarehe 19 Mei 1942 katika mji wa Seattle, upande wa kaskazini-magharibi wa Marekani. Jamaa zake walikuwa na chuo cha kuwafundisha mabaharia namna ya kuongoza meli. Alipoingia katika Chuo Kikuu cha Washington alikusudia kuwa mwalimu wa hesabu, lakini huko akakutana na kompyuta, na tangu siku hiyo hakuziacha tena. Mwaka wa 1963 alimwoa Dorothy McEwen, ambaye walijuana tangu walipokuwa wanafunzi wa sekondari. Siku zile Marekani ilikuwa katika vita vya Vietnam, na kila kijana alitakiwa kulitumikia taifa. Kildall alilitumikia kwa kufundisha katika chuo cha jeshi la majini kilichoko mjini Monterey, jimbo la California. Baadaye akarudi katika chuo kikuu chake, akapata shahada ya udaktari mwaka wa 1972.

Wasomaji wafahamu kwamba kompyuta za wakati ule zilijaza chumba kizima, nazo zilikuwa mali ya serikali, vyuo na makampuni makubwa. Mtu wa kawaida hakuwa na ruhusa hata ya kuzigusa. Mwaka wa 1971 kampuni ya Intel ilitoa kijidude kidogo kama ukucha, kinachoitwa chipu, ambacho ndani yake mlikuwamo ubongo wote wa kompyuta. Wahandisi wengi waliona ni kitu cha kutiwa katika mashine za kujumlishia hesabu au taa za barabarani. Kildall yeye aliona kompyuta nzima. Akajipatia chipu yake, akaanza kuiandikia programu, na siku asizofundisha akawa anakwenda kuwasaidia watu wa Intel. Mwaka wa 1973 aliwatungia lugha ya kuandikia programu za chipu zao, ikaitwa PL/M.

Sasa likatokea tatizo jingine. Ubongo ulikuwapo, lakini hapakuwa na mahali pa kuweka kumbukumbu. Kulikuwa na diski laini zilizozunguka kama sahani ya santuri, lakini chipu ile haikujua namna ya kuzisoma. Rafiki yake John Torode akaunda mitambo ya kuunganisha diski, na Kildall akaandika programu ya kuitawala. Programu hiyo ndiyo CP/M, ya mwaka wa 1974.

Kazi ya CP/M ni kama kazi ya mtunza stoo wa shule. Wewe huingii stoo mwenyewe kupekua. Unamwendea mtunza stoo, unamtajia jina la kitu, naye anajua kimewekwa rafu gani. Anakuletea, anaandika daftarini, anarudisha. Kabla ya hapo kila aliyeandika programu alilazimika kuandika pia namna ya kuzungusha diski na kutafuta mahali pa kila herufi. Kwa kuwa Kildall alizitenga sehemu zinazohusu chuma cha mashine fulani mbali na sehemu nyingine zote, CP/M iliweza kuhamishwa kutoka mashine ya kampuni moja hadi ya kampuni nyingine kwa kubadili kipande kidogo tu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo akili yake kubwa kuliko zote.

Na hapa ndipo tunapofika kwenye majina.

Mashine zile hazikuwa na panya wala picha za kubonyeza. Mtu aliandika amri kwa herufi, mstari mmoja, akabonyeza kitufe, akangoja. Na nafasi ya kumbukumbu ilikuwa ndogo mno: CP/M iliweza kufanya kazi katika kompyuta yenye kilobaiti 16 tu. Picha moja ya simu ya siku hizi huijaza nafasi hiyo mara mia na zaidi. Kwa hiyo kila kitu kilibanwa. Jina la faili lilikuwa herufi nane, kisha nukta, kisha herufi tatu za kuonyesha ni faili la aina gani. Geita lingeenea. Mwadui na Kahama pia yangeenea. Shinyanga lina herufi tisa, basi lingekatwa mkia likawa SHINYANG. Nyang'hwale nisiitaje.

Katika mstari ule mmoja wa amri, mashine ilipaswa kutofautisha jina na maagizo. Kildall alikuwa amezizoea kompyuta kubwa za kampuni ya Digital Equipment, akafuata desturi zake nyingi. Nukta pacha ilitumika kuonyesha ni diski ipi, kama vile A: au B:, na hata leo kompyuta za shule yetu huita diski yao C:, na flashi tunayochomeka hupewa herufi inayofuata. Nyota ilikuwa na maana ya majina yote, yawayo yoyote. Na alama ya kuuliza ilisimama mahali pa herufi moja isiyojulikana. Kama una mafaili BARUA1, BARUA2 na BARUA3, ukiandika BARUA? unayapata yote matatu kwa pigo moja.

Hebu fikirini sasa. Kama alama ya kuuliza ingeruhusiwa kuwa sehemu ya jina, ukaamuru mashine ifute faili linaloitwa BARUA?, mashine ingejuaje kama unataka lifutwe faili moja hilo au yafutwe yote yanayofanana nalo? Kwa mashine yenye kilobaiti 16 hapakuwa na nafasi ya kubishana. Alama zenye kazi zikaondolewa katika majina. Nakiri kwamba nilipofika hapa hasira yangu ilipungua, maana nilikuwa nimetarajia kukuta uzembe, nami nikakuta sababu.

Kildall na mkewe walianza kuuza CP/M wakiwa nyumbani kwao Pacific Grove, mji mdogo wa pwani jirani na Monterey. Kampuni yao waliita Intergalactic Digital Research, yaani utafiti wa baina ya galaksi na galaksi, jina la kuchekesha ambalo baadaye walilifupisha wakabaki na Digital Research tu. Bwana aliandika programu, na Bibi Dorothy aliendesha biashara. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watengenezaji wengi wa kompyuta ndogo walikuwa wakitumia CP/M, na wale mume na mke wakawa matajiri.

Mwaka wa 1980 kampuni kubwa ya IBM iliamua kutengeneza kompyuta ndogo kwa siri, nayo ilihitaji mfumo wa kuiendesha. Wajumbe wake wakafika Pacific Grove. Kildall, ambaye alikuwa rubani na alipenda sana kuruka, asubuhi ile alikuwa amekwenda na ndege yake kumwona mteja. Wajumbe walitaka kwanza utiwe sahihi mkataba wa kutunza siri, na Bibi Dorothy pamoja na mwanasheria wao wakasita kuutia sahihi. Kildall alirudi alasiri, lakini mapatano hayakufikiwa. Watu walioeneza kisa hiki baadaye walisema aliacha biashara ya karne akaenda kuchezea ndege angani. Yeye alishikilia kwamba alikwenda kwa kazi, na kisa hicho kilimkera mpaka mwisho wa maisha yake.

Kwetu Geita visa vya namna hii havipungui. Husimuliwa kuhusu mchimbaji aliyetoka shimoni kwenda kula ugali, na mwenzake aliyebaki akaufikia mwamba wenye dhahabu. Nimevisikia mara nyingi, na sijapata kusikia hata kimoja ambacho aliyetoka alipewa nafasi ya kueleza upande wake.

IBM ikaigeukia kampuni ya Microsoft, ambayo haikuwa na mfumo wa namna hiyo. Lakini huko Seattle, mji ule ule aliozaliwa Kildall, kijana aitwaye Tim Paterson alikuwa ametunga mfumo kwa haraka, akifuata kitabu cha maelezo cha CP/M ili programu zilizoandikwa kwa CP/M zihamishwe bila taabu. Microsoft ikaununua mwaka wa 1981, nao ukawa MS-DOS. Namna ya kupanga mafaili ndani ya diski Paterson hakuichukua kwa Kildall. Lakini majina ya herufi nane na tatu, nukta pacha ya diski, nyota na alama ya kuuliza, vyote viliingia. Kildall alipolalamika, IBM ilikubali kuuza CP/M pia kwa kompyuta yake, ila kwa bei ya dola 240, huku mfumo wa Microsoft ukiuzwa dola 40. Mnunuzi gani asingechagua?

Alama nyingine zilizokatazwa si za Kildall, ingawa wengi humbebesha zote. Mwaka wa 1983 MS-DOS iliongezewa makabati, yaani mafaili kuwekwa ndani ya mafungu, na wazo hilo lilitoka katika mfumo wa Unix. Unix hutenganisha mafungu kwa mkwaju, ule mstari unaolalia kulia. Lakini katika DOS mkwaju ulikuwa umekwisha kupewa kazi ya kuongezea masharti ya amri, basi wakachukua mkwaju unaolala upande wa pili. Hivyo yote miwili ikakatazwa. Zile alama mbili za hesabu, ya ndogo kuliko na ya kubwa kuliko, pamoja na mstari wima, zilipewa kazi ya kuelekeza maandishi yatoke programu hii yaingie ile, nazo zikakatazwa. Ukiongeza alama ya kunukuu zinakuwa tisa. Unix na mtoto wake Linux hukataza mkwaju mmoja tu, pamoja na herufi moja tupu isiyoandikika. Ndiyo maana kompyuta ya kaka ilimruhusu kuandika maswali yake bila kumwonya lolote, hata siku aliyochomeka flashi, kwa kuwa flashi nyingi hupangwa kwa sheria zilizotoka katika DOS.

Kildall aliendelea kubuni. Aliongoza pamoja na mwenzake kipindi cha televisheni juu ya kompyuta, na kampuni yake nyingine iliweka ensaiklopedia nzima katika sahani moja ya CD mwaka wa 1985, jambo lililowashangaza watu. Ndoa yake na Dorothy ilivunjika. Kampuni ya Digital Research iliuzwa mwaka wa 1991, akahamia Texas. Tarehe 8 Julai 1994, alipokuwa Monterey, aliumia kichwa katika baa, na siku tatu baadaye akafa, akiwa na umri wa miaka 52. Amezikwa Seattle. Mwaka uliofuata ilitolewa Windows 95, iliyoruhusu majina marefu hata herufi 255, lakini alama tisa zikabaki zimekatazwa, maana programu za zamani zilikuwa bado zinazitegemea.

Mwaka wa 2014 chama cha wahandisi kiitwacho IEEE kiliweka kibao cha ukumbusho Pacific Grove mbele ya nyumba ilimokuwa kampuni yake. Na mwaka wa 2016 watoto wake waliruhusu sehemu ya kumbukumbu alizoziandika mwenyewe mwaka wa 1993 zisomwe na watu. Nilipoisoma habari hiyo nilivifikiria vile vipande vinne.

Wenzangu wa bweni waliposikia kisa chetu waliniletea flashi zao niwakagulie, basi nitaeleza kwa ufupi ninachofanya, huenda kikawafaa na wazazi. Tarehe siiandiki kwa mikwaju. Naanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na katikati kistari: 2025-12-20. Hivyo mafaili hujipanga yenyewe kwa mfuatano wa siku. Mahali pa nukta pacha naweka kistari pia. Jina silimalizi kwa nukta wala nafasi tupu. Halafu kuna hila moja ambayo wengi hawaijui: Linux huona "Bibi" na "bibi" kuwa majina mawili, lakini flashi huyaona ni jina moja, hivyo ukiwa na haraka faili la pili laweza kulifuta la kwanza. Ile alama ya juu katika Nyang'hwale, au katika ng'ombe, haikatazwi katika flashi, ingawa mtu anayeandika amri kwa mkono katika Linux itamsumbua, kwa sababu mashine hudhani amefungua nukuu asiyoifunga. Zaidi ya yote, kabla ya kufuta chochote nahesabu mafaili ya upande huu na ya upande ule. Kaka angehesabu, angeona saba na kumi na moja.

Mwalimu alituambia kwamba pengine fundi mwenye programu ya kufufua mafaili angeweza kuvipata vile vipande katika kompyuta ya kaka, kama asingekwisha kuweka mfumo mpya juu yake na kuutumia miezi mitatu. Kaka alijaribu. Alipata picha kadhaa za zamani na nusu ya wimbo.

Bibi bado yuko Geita, na alikuwa msichana wa mtaa ule ule mgodi ulipofungwa. Amekubali kuzungumza nasi likizo ijayo, kwa sharti kwamba asikalishwe chini ya mwembe kwa sababu ya sisimizi. Maswali yangu nimeyaandika katika daftari la mazoezi, yako ishirini na mawili, na kila moja lina alama yake ya kuuliza.